Kisu cha kukunja, chumvi ya Mombasa na dhamana ya "maisha yote"

Swali: "Fundi, salaam. Mimi ni wa Likoni, kazi yangu ni kwenye mashua za wavuvi. Miezi saba iliyopita nilinunua mjini kisu cha kukunja, shilingi 6,500. Ubavuni kimeandikwa D2, na muuzaji aliniapia kuwa hakishiki kutu. Sasa kina madoa ya kahawia karibu na kiungo, kinachezacheza, makali hayakai, na juzi komeo liliteleza nikikata kamba. Boksi linasema dhamana ya maisha yote na kunolewa bure na mtengenezaji. Nikitume ng'ambo, nimpe mnoa visu wa baiskeli, au nikitupe? Na nikinunua kingine, nichukue kipi?"

Ndugu yangu, tuanze na komeo. Madoa hayamkati mtu vidole. Komeo linaloteleza linakata. Kiweke kisu kando mpaka umalize jaribio nitakalokueleza.

Visu vingi vya bei hiyo vina komeo la bamba. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma lililopindishwa kidogo. Ukikifungua kisu, bamba linaruka kando na kusimama nyuma ya kitako cha ubapa, ubapa usirudi. Kitako hicho husagwa kwa mshazari wa digrii saba hadi kumi hivi, ili bamba lizidi kujikaza ubapa unaposukumwa. Kwa hiyo kinachokulinda ni msuguano wa mahali padogo kuliko ukucha wako. Tone la mafuta au gamba la samaki likiingia hapo, bamba linateleza kama mguu kwenye ngazi za gati zilizoshika ukoga.

Kifungue mchana, kwenye mwanga, utazame bamba limesimama wapi kwenye kitako. Likigusa theluthi hadi nusu ya upana wa kitako, liko sawa. Likishika ukingoni tu, ama kuna uchafu ama kilitoka kiwandani na kasoro. Likiwa limevuka mpaka kugonga ubavu wa pili wa mpini, limelika na halina tena pa kwenda. Chukua kipande cha kitambaa chenye spiriti ya duka la dawa, kisokote kiwe chembamba, usugue uso wa kitako na ncha ya bamba mpaka kitambaa kitoke kisafi. Hapo usipake mafuta kabisa. Watu wengi hupaka mafuta kisu kizima kwa nia njema, kumbe wanalilainisha komeo nalo.

Halafu ulijaribu. Shika mpini kwa ubavu, vidole vyote viwe nje ya njia ambayo ubapa ungepita ukijifunga, ukandamize mgongo wa ubapa taratibu juu ya taulo lililokunjwa mezani. Taratibu, usigonge: wako wanaojaribu kwa kupiga mgongo wa kisu mezani, na hivyo huliharibu komeo lililokuwa zima. Rudia mara kumi kwa uzito wa mkono. Likishika mara zote kumi, tatizo lilikuwa uchafu na limekwisha. Likiachia hata mara moja, usikitumie tena, wala usimpe mtu alipindishe bamba kwa koleo. Bamba lililopindishwa hushika wiki mbili tatu, kisha likaachia siku umelisahau. Hiyo ni kasoro ya kumrudishia aliyekuuzia au mtengenezaji, nami nitaifikia.

Kuchezacheza kuna namna mbili, na hukuniambia ni ipi. Ubapa ukiwa wazi na umefungwa na komeo, ushike katikati na uusukume kushoto na kulia, kisha juu na chini. Wa kushoto na kulia mara nyingi ni skrubu ya kiungo iliyolegea. Tafuta bisibisi ya nyota yenye ncha sita, aghalabu namba T8 kwa kiungo na T6 kwa skrubu ndogo za mpini. Mafundi wa simu wanazo. Kaza kwa sehemu ya nane ya mzunguko, fungua na funga, kaza tena kama bado. Ubapa ukianza kuwa mzito kufunguka, rudi nyuma kidogo. Ikiwa skrubu inajilegeza kila wiki, itoe, isafishe kwa spiriti, tia tone dogo la gundi ya skrubu ya buluu, ile inayokubali kufunguliwa tena kwa bisibisi. Usitie nyekundu, hiyo haiachi mpaka ichomwe moto. Na gundi isifike kwenye washa, vile vipete bapa vilivyo kati ya ubapa na mpini. Kama umekaza hadi ubapa unakwama na bado unayumba, washa za ndani zimelika au uzi wa skrubu umekwisha.

Wa juu na chini haukazwi kwa bisibisi. Maana yake kitako, bamba au pini inayousimamisha ubapa imelika. Ukiuona huo pamoja na komeo kuteleza, usijisumbue na mengine.

Sasa kutu. Muuzaji wako ama hakujua ama alikudanganya. D2 ni chuma kizuri, kigumu, cha kutengenezea vifaa vya kiwandani vya kukatia vyuma vingine. Kina kromiamu asilimia 12 hivi, kiasi ambacho kingetosha kukikinga na kutu, lakini kina pia kaboni nyingi, kama asilimia 1.5. Kaboni hiyo huinyakua kromiamu na kufanya nayo chembe ngumu ndani ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazotunza makali. Kromiamu iliyofungwa humo haikingi tena kitu. Bara, mbali na bahari, D2 yaweza kukaa miaka bila doa. Likoni ni hadithi nyingine.

Tena kisu si lazima kizame majini. Chumvi ya mezani iliyo kavu huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75, na unyevu wa namna hiyo Mombasa ni jambo la usiku wa kawaida. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kwa sababu ina magnesiamu kloridi, nayo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hivyo. Basi ukikirudisha mfukoni kikiwa kikavu lakini kina vumbi la chumvi, alfajiri kina utando wa maji ya chumvi usiouona. Kloridi iliyo humo hutoboa ngozi nyembamba inayokinga chuma, na haitoboi sawasawa: hutoboa vishimo. Vishimo hupenda mahali pasipo na hewa, kama chini ya washa, kati ya bamba na ubavu wa mpini, na ndani ya matundu ya skrubu. Ndiyo maana madoa yako yameanzia kwenye kiungo. Ninachohofia zaidi ni yaliyo ndani usikotazama.

Usafishaji wake hauna siri, ila maji uyaangalie. Visima vingi kisiwani na kandokando ya pwani vina maji ya chumvichumvi. Kuosha kisu kwa hayo ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Tumia maji matamu, yale unayokunywa, nusu lita yatosha. Yapashe moto mpaka mkono uvumilie, tia sabuni ya vyombo, kizamishe kisu kikiwa wazi, ukifungue na kukifunga mara ishirini humo humo ili maji yapite kwenye kiungo. Mswaki wa zamani upitishe ndani ya mpini. Suuza kwa maji mengine matamu, kikung'ute, kifute, ukiache kivulini penye upepo saa moja ukiwa umekifungua nusu. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa kiungo, na ubapa uufute kwa kitambaa chenye mafuta hayo hayo. Kama unakatia pia chakula, badala yake nunua likwidi parafini ya duka la dawa, ile ya kunywa kulainisha tumbo. Usichanganye na parafini ya taa. Mafuta ya kupikia usitie kabisa. Baada ya wiki chache huwa gundi ndani ya kiungo, yakashika mchanga. Kwa mtu wa mashua, fanya hivi kila jioni uliyotoka baharini. Ukiona ni kazi, tutazungumza hapo mwisho kisu cha kununua.

Madoa yaliyokwisha kuingia, chukua majivu laini ya mkaa, yachanganye na tone la mafuta, usugue kwa kizibo au kipande cha mti laini. Doa likitoka, lilikuwa juu juu. Likiacha kitundu cheusi, hicho ni kishimo, hakitoki bila kusaga chuma, na hakuna haja. Kitie mafuta tu kisizidi. Ndimu na siki husafisha haraka, lakini zikibaki dakika chache zaidi huanza kuila chuma chenyewe. Jik usiiguse: ina klorini, na ndiyo dawa hasa ya kutengenezea vishimo. Na usikilaze kisu ndani ya kifuko cha ngozi. Ngozi hunywa jasho na chumvi, ikakaa na unyevu siku nzima.

Makali kutokaa, hapo sikilaumu chuma. Kamba za nailoni zilizojaa chumvi na mchanga hukwangua makali yoyote, na makali yaliyoliwa na kutu hufifia hata kisu kikiwa kimelala. Jambo la pili ni namna ya kukinoa. Jiwe la kawaida la dukani, lenye upande mkwaruzo na upande laini, linainoa D2 lakini polepole sana. Mtu huchoka akasema chuma kibaya. Tafuta bamba la kunolea lenye vumbi la almasi, la namba 400 na 1000, namba kubwa ndiyo laini zaidi. Bamba moja dogo la pande mbili linakutosha miaka.

Pembe iwe digrii ishirini kila upande. Huna haja ya kifaa cha kupimia. Pima upana wa ubapa kutoka makali hadi mgongo. Mgongo uinuliwe juu ya jiwe kiasi cha theluthi ya upana huo. Ubapa wa milimita 24 unainuliwa milimita 8. Panga sarafu chini ya mgongo mpaka zifike kimo hicho, uone pembe ilivyo, kisha uziondoe na mkono ukumbuke. Noa upande mmoja kuanzia kitakoni hadi nchani, bila kukandamiza, mpaka upande wa pili wote uhisi kwa kidole uzi mwembamba wa chuma umejikunja. Kipapase kutoka mgongoni kuelekea nje, usifuate makali. Uzi huo usipotokea urefu wote, hujafika kwenye makali. Unasaga mabega tu, sehemu iliyo juu ya makali. Wengi hukosea hapa: huhesabu mikwaruzo, mara hamsini huku na hamsini kule, badala ya kuutafuta uzi. Ukishaupata, geuza ufanye upande wa pili, halafu badilishana mara moja moja kwa mkono mwepesi sana mpaka uzi ukatike. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume mara kumi juu ya mshipi wa ngozi. Kwa kukata kamba, koma kwenye namba 400 hadi 600. Makali yaliyong'arishwa kama wembe huteleza juu ya nailoni. Yenye meno madogo madogo huuma.

Mnoa visu wa baiskeli simdharau. Kwa panga la madafu hana mpinzani. Lakini gurudumu lake kavu hupasha ukingo mwembamba kuliko mkono unavyohisi. Chuma cha kisu hupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na visu vingi vya mfukoni moto wa mwisho ulikuwa karibu na digrii 200 tu. Ukingo ukipita hapo kwa sekunde moja, umelainika. Ukigeuka buluu, umekwisha, na kuuchovya majini baadaye hakurudishi kitu. Zaidi ya hayo, unga wa jiwe huingia kwenye kiungo, na ncha hurudi imeviringwa. Kama huna budi, mwombe akinoe kwa jiwe la mkono lenye maji, nawe ufunge kiungo kwa utepe wa plastiki kwanza.

Tuje kwenye dhamana, kwa kuwa maneno "maisha yote" yanawachanganya wengi. Karibu kampuni zote huahidi kitu kimoja: kasoro ya chuma au ya uundaji. Ubapa uliopasuka kwenye matumizi ya kawaida, springi iliyokatika, komeo lisiloshika. Nje ya hapo hawamo: makali kuisha, kutu, ncha iliyovunjika kwa kutumiwa kama bisibisi, kisu kupotea. "Maisha" yenyewe ni ya kisu au ya mnunuzi wa kwanza, na wengine wanataka risiti ya duka lililoidhinishwa. Victorinox wa Uswisi hutoa dhamana isiyo na kikomo cha muda kwa kasoro za chuma na uundaji. Buck wa Marekani wanaiita ya milele. Leatherman wameandika miaka 25. Kunolewa bure pia kupo kweli: Benchmade na Kershaw, wote wa Oregon, hunoa visu vyao bila kudai fedha ya kazi. Neno bure linaishia mlangoni kwao. Kukifikisha ni juu yako, na kukirudisha mara nyingi pia.

Piga hesabu kabla ya kwenda Posta. Jumlisha nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na chochote kitakachodaiwa forodhani. Kipimo changu ni hiki: jumla ikizidi nusu ya bei ya kisu, usitume. Kwako mpaka ni shilingi 3,250, na kifurushi cha ng'ambo chenye namba ya kufuatilia, kwenda na kurudi, kitaupita bila shida. Kwa kunolewa peke yake, kamwe usitume kisu kutoka Mombasa. Nauli ya safari moja hununua bamba la almasi. Kwa kisu cha shilingi 25,000 ambacho komeo lake limeharibika, hapo tuma.

Ukituma siku moja, utaratibu wenyewe ni huu. Usikifungue skrubu kwanza, kwa kuwa baadhi ya kampuni hukataa kisu kilichofunguliwa na mwenyewe. Waandikie, ambatanisha risiti na picha tatu: kisu kizima, maandishi ya ubavuni, na kasoro yenyewe kwa karibu. Subiri wakupe namba ya ukarabati. Kifurushi kisicho na namba hiyo hulala kwenye rafu. Muulize msafirishaji kama anapokea visu, maana wengine hawapokei. Kioshe, kifunge, kizungushie utepe kisijifungue njiani. Kwenye fomu andika wazi kuwa ni kisu kinachokwenda kukarabatiwa chini ya dhamana, na uwaombe wakati wa kurudisha waandike vivyo hivyo, pamoja na barua ya kazi waliyofanya. Nakala zote kaa nazo, kwa sababu bila karatasi afisa wa forodha hana njia ya kujua kuwa hicho si kisu kipya ulichoagiza.

Lakini kwako mlango wa kwanza si ng'ambo, ni duka lile lile. Risiti nyingi za mjini zimepigwa muhuri kuwa bidhaa zikiuzwa hazirudishwi, na watu huamini muhuri una nguvu kuliko sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa alichouza, hata kama hakutamka, na inamkataza kukupa sifa za uongo za bidhaa. Komeo linaloachia kwa mkandamizo wa mkono si ubora wa kuridhisha. Nenda na risiti, umwonyeshe jaribio la taulo hapo hapo, kwa utulivu, uombe akubadilishie. Usianze na kutu. Atakujibu umekitia baharini, na hapo mazungumzo yataharibika. Akikataa kabisa, malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Chunguza pia kama kisu ni halisi au cha kuigiza. Maandishi yasiyo sawa upande mmoja na mwingine, vichwa vya skrubu vilivyochubuka kabla hujavigusa, boksi lisilotaja anwani ya mtengenezaji: ukiyaona hayo, dhamana ya ng'ambo ihesabu kuwa haipo.

Kingine ununue kipi? Kwa kazi ya mashua ningekushauri kisichokunja. Kisu cha Mora, chapa ya Uswidi, cha mpini wa plastiki na ala ya plastiki, chuma chake kikiwa cha aina isiyoshika kutu haraka, hakina kiungo wala komeo, na unakiosha kwa sekunde kumi. Kama lazima kikunjwe, Spyderco, kampuni ya Marekani, wana jamii ya visu waliyoiita Salt, ya vyuma kama LC200N na, awali, H1, ambavyo vina kaboni kidogo, hivyo kromiamu inabaki huru kufanya kazi yake. Baharini hivyo havishiki kutu. Bei ni kali, na H1 yenye makali ya kawaida hufifia mapema. Chukua yenye meno, kwa kamba ni bora. Opinel namba 8 naipenda sana, ubapa wa sentimita 8.5 na pete ya kufungia ambayo mtoto anaielewa, lakini mpini wake ni wa mti: ukilowa huvimba ukaubana ubapa usitoke. Ni kisu cha maembe barazani, si cha mashua.

Dukani, kabla hujatoa pesa, tazama mpini ulio wazi mgongoni ili maji yatoke, na washa za shaba au nailoni badala ya gololi, kwa kuwa gololi hukamata mchanga na kushika kutu. Kifungue polepole, kisha haraka, na kila mara uangalie bamba limesimama pale pale kwenye kitako. Shika ncha, tingisha pande zote nne. Mwambie muuzaji aandike aina ya chuma kwenye risiti. Anayekuapia kwa mdomo kuwa hakishiki kutu, akikataa kuyaandika maneno hayo, mrudishie kisu chake.